Nilivyosugua Platini kwa Majivu

Ndugu wasomaji, nimezeeka, lakini kosa hili bado linanichoma. Wakati wa Zaïre nilikuwa msafishaji wa vyombo katika maabara moja ya Kolwezi, chini ya Citoyenne Mwadi ("mwananchi", ndivyo tulivyoitana siku hizo), mkemia ambaye sijaona tena mwenye akili kama zake. Alikuwa na kibati kidogo cha platini. Akikitumbukiza katika asidi fomiki, ile ile ya siafu, asidi iliungua bila moto na kutoa umeme, na kibati chenyewe hakikupungua. Mimi nilitazama tu sindano ya mita ikipanda, nikasahau hata kula. Kibati sikuwahi kukiona karibu.

Siku moja walikuja wageni kutoka Lubumbashi kuamua kama kazi yake iendelee. Asubuhi nilikikuta kibati mezani, cheusi kama sufuria ya bukari, ugali wetu, iliyopikiwa kuni. Kwetu mgeni haonyeshwi masizi. Nikakisugua kwa majivu mpaka kikang'aa.

Mbele ya wageni sindano ilipanda kidogo, ikalala.

"Nani alisukula kibati?" akauliza Citoyenne.

Nikasogea nikitabasamu. "Ni mi, mama! Nilisugula na majivu. Ona vile inangala!"

Wageni wakacheka. Yeye hakucheka, wala hakunifokea.

"Tata Kasongo," akasema polepole, "ule weusi ilikuwa platini ya unga. Ndiyo ilikuwa inafanya kazi yote. Majivu ulitupa wapi?"

Nikawaongoza wote, mabwana na suti zao za abakosti, mpaka kwenye shimo la takataka.