Fortunata na Miche ya Bibi Scholastika

Fortunata namfahamu tangu anabebwa mgongoni. Mama yake, Hyasinta, anauza vyombo mtaa wa Narung'ombe hapa Kariakoo, na mimi nauza mashuka fremu inayofuata, tumetenganishwa na ukuta tu. Sote asili yetu ni Mbinga, na tunasali jumuiya moja Magomeni. Huyu binti ananiita mama mdogo, na kwa kweli nimemlea.

Amekulia dukani. Alijifunza kutembea akishikilia makatoni ya chupa za chai, na alipofika darasa la tatu alikuwa anajua kumwita mteja kuliko mama yake. Jambo ambalo mama yake alimkazia sana ni nailoni. Sufuria mpya, jagi, chupa ya chai, kila kitu kikae ndani ya nailoni yake mpaka kifike kwa mwenyewe. Ukishaitoa, kitu kimekuwa cha zamani, mteja atakigeuzageuza na kukuachia. Nyumbani kwao ni hivyohivyo. Makochi yana miaka na bado ukikaa yanalia chini yako, na rimoti ya televisheni imefungwa kama kidole cha mgonjwa. Si wao peke yao. Nani kati yetu hana godoro lenye nailoni yake?

Sasa Fortunata anasoma uhasibu chuo kimoja hapa mjini. Chuo kilipofunga, akaja dukani akiwa amejiandaa kwa maneno. Yeye na wenzake wawili, Selina na Ridhiwani, wako kwenye klabu ya mazingira, na klabu ilikuwa inakwenda milima ya Uluguru kupanda miti kwenye chanzo cha maji. Wiki nzima, kwa kujitolea.

"Kujitolea maana yake wanawalipa?" mama yake akauliza.

"Hawalipi, mama."

"Nauli?"

"Tunachanga wenyewe."

"Kwa hiyo unatoa nauli ukalime kwa watu. Mimi nililikimbia jembe Mbinga, wewe unalifuata Morogoro."

Mwaka ule Kwaresma na Ramadhani zilikwenda pamoja, na kwa wauza vyombo huo ndio msimu. Kila mwanamke anataka sahani mpya za Idi, kisha Pasaka hiyo hapo. Nikamwambia Hyasinta, mtoto haombi kwenda disko, anaomba kwenda kupanda mti. Akapanga vikombe, akavipangua. Mwishoni akasema, "Wiki moja. Ukirudi, mpaka Idi ipite hutoki mlango huu."

Ya mlimani nilisimuliwa na Fortunata mwenyewe. Wasichana walilala kwa Bibi Scholastika, mjane, mwenye mteremko ulio juu ya chemchemi. Miaka yote alikuwa analima mahindi pale na ndiyo yaliyokuwa yanamlisha. Lakini maji yalikuwa yanapungua, na kijiji kikamwomba aache mahindi, pale wapande miti ya asili ya kutunza maji. Bibi alikubali kwa shingo upande. Akawaambia mbele ya wote: miche ikishika kabla mvua za masika hazijaisha, sawa. Isiposhika, anarudisha mahindi yake, maana yeye hali majani ya mti.

Asubuhi ya kupanda, kijana wa kijiji anayesimamia msitu, Severine, alikuwa anawaonyesha wanachuo namna ya kupanda. Fortunata na wenzake wawili hawakuwepo. Walikuwa bado njiani wanapandisha miche vichwani, na Ridhiwani amefunga, anapumzika kila kona. Walipofika juu wenzao walishatawanyika. Wakaelekezwa upande wao, ule wa karibu na nyumba ya bibi, wakaachiwa jembe na miche.

Kila mche ulikuwa kwenye kiriba chake, yaani mfuko mweusi wa nailoni uliojaa udongo.

"Hii nailoni tunaitoa?" Selina aliuliza.

"Utoe nini?" Fortunata akamjibu. "Udongo utamwagika, mizizi iumie. Hiyo ndiyo inayoulinda. Chimba shimo, weka kama ulivyo, funika."

Hakuna aliyembishia. Selina ni mtoto wa Ilala, Ridhiwani wa Buguruni, na kwao makochi yamefunikwa vilevile. Wakapanda upande wao wote, wakashindilia udongo, wakaimba. Bibi Scholastika akawapelekea ndizi, na futari ya Ridhiwani akaipika kwa mkono wake. Fortunata alirudi mjini ameungua pua, ana furaha ambayo mimi sijawahi kumwona nayo.

Siku chache baadaye, mchana wa biashara, aliingia kwangu akakaa juu ya furushi la mashuka bila kusalimia. Akanipa simu. Kwenye kundi lao Severine alikuwa ametuma picha: lundo la mifuko myeusi iliyopasuliwa, limerundikwa kando ya njia. Chini yake ameandika kwamba viriba vyote vilivyovuliwa kwenye miche wamevikusanya na kuviteremsha, mlima umebaki safi.

"Mama mdogo, hapo hakuna hata kimoja chetu," alisema. "Sisi tumevizika na miche. Mizizi itatokea wapi? Tumemwulia bibi wa watu shamba lake."

Nilimshika mkono. Nilikuwa nimeshazoea kumwona akilia kwa mambo ya kitoto. Safari hii hakulia.

Akampigia Selina, na kwa kuwa mtaa una kelele aliweka sauti kubwa nami nikasikia. "Fotu, tulia," Selina alisema. "Miche mingapi inakufa kila mwaka? Watasema jua. Nani atafukua aangalie?"

Ridhiwani alikuja mwenyewe jioni, kabla ya kufuturu. Alisimama mlangoni akacheka kwa huzuni. "Nimefunga, nimechimba, thawabu zangu zote zimeingia kwenye nailoni," akasema. "Mimi narudi mlimani. Wewe je?"

Ndipo Fortunata akampigia Severine. Alimweleza bila kuzunguka. Tukasikia upande wa pili, "Ndiyo maana. Mvua imekatika siku kadhaa, miche ya wenzenu imesimama, ya kwenu inageuka njano. Mimi nilidhani mchwa. Bibi ameshaanza kuulizia mbegu ya mahindi. Acha niwatume vijana wafukue."

"Usiwatume, kaka. Na bibi usimwambie. Nakuja kumwambia mwenyewe."

Alishaahidi, na ruhusa hana. Idi ilikuwa wiki ile. Duka la Hyasinta lilikuwa limejaa watu hadi barabarani. Nilisali kimoyomoyo wakati binti anavuka kwenda kwa mama yake, nami nikasogea mlangoni.

Hyasinta alimsikiliza huku anafunga sahani. "Wiki ulikwishapewa," akasema. "Na tulisema nini kuhusu Idi?"

"Nakumbuka, mama."

"Sasa mtu mzima na akili zake anapandaje mti na mfuko wake? Kwani mti ni kochi? Nani alikufundisha?"

Fortunata aliinamisha kichwa. "Wewe, mama."

Wateja wawili walicheka. Hyasinta hakucheka. Aliangalia bidhaa zake zinazong'aa ndani ya nailoni, toka chini mpaka darini, akakaa kwenye stuli. Nikamwambia mimi nina msaidizi, nitamwacha na mashuka, niuze vyombo pamoja naye mpaka binti arudi. Bei nisizozijua nitauliza.

"Wewe huwezi kupiga bei, Mama Leodegar," akasema. "Mteja akikuambia ana watoto unampunguzia." Halafu akamgeukia mwanawe. "Bibi huyo anakula nini hayo mahindi yasipokuwepo?"

"Ndiyo hayo tu, mama."

"Basi nenda. Chukua sufuria moja pale umpelekee. Usiende mikono mitupu kwa mtu uliyemharibia."

Alfajiri waliondoka, yeye na Ridhiwani. Stendi walimkuta Selina na begi lake, wakapanda basi wote watatu.

Bibi Scholastika alikuwa anapepeta mahindi walipofika. Fortunata alipiga magoti, akaamkia, akaitikiwa, akasema yote. Bibi aliweka ungo chini. Aliwapeleka mteremkoni, akafukua mche mmoja kwa mikono yake, akautazama mfuko ulivyokuwa mzima kama umetoka dukani.

"Umenikasirikia, bibi?"

"Nimekukasirikia. Kalete wembe."

Wakafanya kazi mpaka giza, na kesho yake tena. Mmoja anafukua, mmoja anapasua, mmoja anarudishia, na bibi nyuma yao anakagua kila shimo kama mwalimu. Miche iliyokuwa imeshakauka ilikuwa mingi upande wa juu. Severine akaleta mingine ya kuziba mapengo. Usiku wa pili mvua ikashuka. Wakati wa kuagana bibi alipokea sufuria, akasema, "Mwezi wa tano nitaamua. Ukisikia nimepanda mahindi usinune."

Huku nyuma niliuza kwa hasara kidogo, kama Hyasinta alivyotabiri, na Idi ikapita salama.

Mwezi wa tano ulipoingia, simu ya Hyasinta iliita tukiwa tunafunga milango. Alikuwa bibi, kwa namba ambayo Fortunata alimwachia Severine. Hyasinta akaniita nisikilize.

"Miche imeshika, si yote, lakini imeshika," bibi alisema. "Mahindi sikupanda. Lakini magugu yamepita vichwa vya miche na mimi mgongo sina. Mwambie binti yako shamba lile si la kupanda na kukimbia. Aje apalilie."

Nilijua kuna mzigo wa masufuria unashushwa wiki ile. Hyasinta naye alijua. Alisimama kidogo na kufuli mkononi.

"Shikamoo, mama," akasema. "Aje Jumamosi hii, au ijayo?"