Swali la Nne Chini ya Ukuta

Siku moja ya Jumatano ninaikumbuka kuliko zote, mwanangu. Mpaka leo nikisikia chuma kikigonga jiwe, husimama kwanza nikasikiliza, ndipo niendelee na njia yangu.

Jana mezani ulisema neno. Ulisema Jumatatu unaanza kusimamia ujenzi wa ile nyumba ya ghorofa hapa Kitengela, na kwamba wale mafundi hawajasoma, kazi yao ni kufuata utakalowaambia. Baba yako alicheka. Mimi shangazi yako niliisukuma sahani kando, kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasema kwa kinywa hiki hiki, na aliyeumia kwayo hakuwa mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu juzi tu, na kule kwetu Ngong mama alikuwa ametundika cheti changu ukutani, juu ya picha ya harusi yake. Nikapewa kufundisha ngumbaru, darasa la watu wazima, kwenye machimbo ya mawe nje ya mji. Wanafunzi wangu walikuwa wachimbaji na wachonga mawe, pamoja na mwanamke kijana wa Kimaasai aliyeitwa Naserian, aliyewapikia wachimbaji chai na githeri. Naserian alitaka jambo moja tu: kusoma kadi ya kliniki ya mtoto wake bila kumwomba mtu. Hakukosa darasa hata siku moja.

Mkubwa wao alikuwa Mzee Ndolo, Mkamba mwembamba, mpole, asiyependa maneno mengi. Alikuwa amekaa machimboni miaka mingi kuliko umri wangu. Miezi sita nilimfundisha kuandika jina lake, na siku alipoliandika lote bila kukosea aliliangalia muda mrefu, akacheka peke yake, kisha akaliandika tena.

Sasa sikiliza nilichowafundisha. Nilichora ubaoni ngazi ya vidato vitatu. Juu kabisa niliandika elimu rasmi, ile ya shule na vyuo na vyeti. Katikati elimu nusu rasmi, kama hiyo yetu ya ngumbaru na mafunzo ya ufundi. Chini kabisa, karibu na vumbi, nikaandika elimu isiyo rasmi, ile mtu anayookota nyumbani, kazini na kwa wazee. Nikawaambia mtu mwenye akili hupanda ngazi hii, wala hateremki. Walinakili wote. Debe tupu haliachi kuvuma, mwanangu, na mimi nilivuma kweli kweli.

Wiki ya mtihani mvua ilinyesha siku tatu. Usiku wa kuamkia Jumatano upepo ukang'oa mabati ya kibanda chetu cha darasa kule juu ya machimbo, na asubuhi ile ofisa wa elimu alikuwa anakuja kutukagua. Huko juu karatasi zilikuwa zinapeperuka mpaka kwenye miiba. Nikaona chini, kwenye shimo la zamani, ukuta wa mwamba uliochongwa umekinga upepo vizuri. Nikaamuru benchi zishushwe.

Machimbo yale yalikuwa na desturi yao. Mvua ikinyesha, hakuna anayeingia shimoni kabla Mzee Ndolo hajaugonga ukuta kwa mtalimbo wake mzito wa chuma, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Jiwe zima hulia likisikika mbali. Jiwe lililoachana kwa ndani hujibu kwa sauti nzito, fupi. Nilikuwa nimeliona jambo hilo mara nyingi, nikaliweka kwenye fungu la mambo ya kizee.

Tulikuwa tumeshaanza alipofika na mtalimbo begani. Alitazama benchi, akatazama ukuta, akanijia.

"Sopa, mwalimu," alinisalimu kwa Kimaasai, kama ilivyozoeleka pale, kwa sauti ya chini. "Hii ukuta bado haijagongwa. Wacha watu wakae juu kidogo, mimi niipitie."

"Ofisa yuko njiani, mzee. Keti ufanye mtihani."

Hakuketi. Alikwenda ukutani akagonga. Jiwe likalia. Akasogea, akagonga tena, likalia. Mara ya tatu halikulia. Aliweka kiganja chake cha kulia pale, akakiacha kimetulia. Nilimwona akifumba macho.

"Watoke," alisema.

Hapo ndipo nilipokosea, na sikukosea kwa kutojua tu. Nilikosea kwa hasira. Niliona mamlaka yangu yanavunjwa mbele ya darasa, na nikisikiliza vizuri nilikuwa nasikia gari la ofisa likija. Nikasema, "Mzee, wewe hata jina lako umejifunza kuandika juzi. Utanifundisha nini? Atakayetoka hapa amekosa cheti."

Wanaume wale waliweka kalamu chini mmoja mmoja, wakapanda njia ya kutokea bila kunitazama. Aliyebaki ni Naserian peke yake. Aliniamini. Aliinamisha kichwa akaendelea kuandika upesi upesi, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba amebaki.

Kisha nikaona mchanga ukidondoka juu ya karatasi yake. Kidogo tu, kama chumvi. Aliupangusa kwa mkono, akaendelea.

Mzee Ndolo hakupiga kelele. Alimwendea kwa hatua za pole akamshika mkono.

"Niache, mzee," alisema Naserian. "Nimebakisha swali moja."

Kikadondoka kijiwe. Mzee alimwinua kwa nguvu ambazo sikujua anazo, akamsukuma kwangu. "Shika huyu! Kimbia!"

Nilikimbia. Nilimvuta Naserian kwa nguo, na nyuma yetu ukateremka mlio ambao sitaueleza. Tulipogeuka kulikuwa na vumbi tupu.

Vumbi lilipotulia tulimwona. Alikuwa mzima, ameketi, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umebanwa kati ya jiwe na benchi. Wanaume walirudi mbio na mitalimbo. Mmoja akataka kuinua jiwe la juu. Mzee, jasho likimtiririka, akasema, "Hapana hiyo. Hiyo imeshikilia ingine. Wekeni kabari chini kwanza." Aliwaongoza jiwe kwa jiwe mpaka wakamtoa. Ukuta ulikuwa bado unadondosha changarawe, na kila ilipodondoka wote walikaza shingo. Mimi nilikuwa nimesimama pale na chaki mkononi, sijui nishike nini. Cheti changu hakikuwa na hata neno moja la kusema.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Uchungu wangu ni kwamba halikuvunjika guu langu. Uliovunjika ni mkono wa mkuu mwenyewe.

Madaktari kule Kajiado waliukata juu ya kifundo. Siku ya nne nilipata moyo wa kwenda kumwona. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha njia nzima, na nilipouona mkono ule umefungwa nikalia tu. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza.

"Mwalimu," alisema, "ile swali ya nne nilisomewa na Naserian. Taja aina tatu za elimu, halafu sema gani ni bora."

Nikatikisa kichwa. Sikutaka kulisikia swali lile.

"Mimi ningeandika hivi. Kwanza niambie uko wapi. Ukiwa ofisini, yako ni bora. Ukiwa chini ya ukuta, yangu." Alivuta pumzi. "Kitu iliniuma si mkono. Mimi nilikuja kwako kutafuta yako. Wewe hukuja kwangu hata siku moja kutafuta yangu."

Niliondoka na maneno hayo, na mpaka leo ninayo.

Ofisa aliurudia mtihani baada ya mwezi, Mzee Ndolo akajibu kwa mdomo, na cheti chake kilipotoka, palitakiwa sahihi. Alichovya wino kidole gumba cha kushoto, kama alivyofanya maisha yake yote kabla hajanijua. Naserian alimwangalia, akachukua kalamu, akaandika jina la mzee pembeni, herufi moja moja, kwa mwandiko niliomfundisha mimi. Mzee alilisoma. Alicheka kidogo. Mimi nilitoka nje.

Baada ya hapo nilirudi machimboni kila baada ya mvua, nikamwomba anifundishe kugonga. Alinifundisha kwa mkono wa kushoto. Ilinichukua mwaka mzima kusikia tofauti, nami nilikuwa mwanafunzi mzito kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Ngazi ile sikuichora tena.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Aina za elimu zipo, na si vibaya kuzijua kwa majina yake. Iko ya shule, iko ya warsha na ngumbaru, iko ya nyumbani na kazini. Lakini hayo ni majina ya mahali mtu alipopatia elimu, si vipimo vya uzito wa mtu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Jumatatu ukifika pale, kabla hujafungua michoro yako, mtafute aliyekaa kazini miaka mingi kuliko wote. Msalimie kwa heshima. Muulize ni kitu gani yeye hukagua kwanza asubuhi, na kwa nini. Akikwambia "watoke," watoe, na wewe utoke, hata kama mkubwa wako anaangalia. Utauliza sababu mkiwa nje.

Mungu akupe masikio kabla hajakupa cheo. Akupe wa kukuambia ukweli, na moyo wa kuusikia mara ya kwanza, kwa maana mimi niliusikia mara ya tatu. Mikono ya watu utakaowasimamia irudi nyumbani kila jioni ikiwa mizima, yote miwili. Nawe uitikie "Naai", kama Naserian anavyoitikia baraka kwa Kimaasai mpaka leo.