Mgeni wa Nyumba ya Eda

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kukagua karafuu kwenye kituo cha kununulia, na kazi ile haimtaki mtu wa kuamini amini. Mtu anakuletea gunia, anakuamkia kwa heshima, anakuuliza hali ya watoto, kumbe chini ya gunia ametia makonyo, vile vijiti vyake, na karafuu mbichi. Nilikuwa natia mkono mpaka kwenye kiwiko. Nilipostaafu nikarudi kwetu Msuka, mkono ulipumzika lakini kichwa hakikupumzika. Mke wangu husema hata chai yake naionja kwanza kwa pua.

Ndiyo maana koo wake alipopotea, kuku mkubwa aliyetoka naye Fundo kwa dada yake, yeye alisema kachukuliwa na kipanga na mimi nikasema kachukuliwa na mtu. Kipanga huacha manyoya. Nilizunguka mtaani siku mbili nikiwauliza majirani leo wamepika nini, mpaka mke wangu akanitaka nikae ndani kabla hatujakosana na mji mzima. Nyuma yake koo aliacha vifaranga tisa wa siku nne, wakilia chini ya kapu.

Nikawachukua mimi, maana sikuwa na kazi nyingine. Binti yetu aliyeko Unguja alinitumia kwenye simu video ya watu waliofuga kuku wasiokimbia binadamu. Kuku wanapakatwa kama paka! Nilidhani wamenyweshwa kitu. Lakini niliitazama tena na tena, kisha nikatafuta boksi kubwa la televisheni, nikatandika maranda ya mbao, nikaning'iniza balbu juu yake.

Mwanzo nilikosea jambo moja. Kila nikiwapa chakula nilikuwa naingiza mkono kutoka juu, nao wakijibana kwenye pembe, mmoja juu ya mwenzake, hata mmoja nusura afe kwa kukosa pumzi. Ilinichukua siku kadhaa kufahamu kwamba kwa kifaranga kitu chochote kinachoshuka kutoka juu ni kipanga. Basi nikakata boksi ubavuni, nikalala kifudifudi sakafuni, nikauweka mkono chini, kiganja wazi, na machicha ya nazi katikati. Nikangoja. Sikumshika hata mmoja. Nilikuwa nazungumza nao kwa sauti ileile moja, maneno ya ovyo tu, nani kaja msikitini na nani hakuja, kwa sababu kifaranga huizoea sauti kwanza, mkono baadaye. Mke wangu alikuwa akipita ananiruka pale chini.

"Miaka yote hii mie hujazungumza nami hivyo," alisema.

Wa kwanza kupanda kiganjani alikuwa wa kijivu. Alinitazama kwa jicho moja, akageuza kichwa akanitazama kwa la pili, ndipo akadonoa. Nilimpenda kwa kule kukagua kwake mara mbili. Alipokwisha kula alikunja miguu akalala palepale, nikahisi moyo wake ukipiga kwenye kidole changu. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, na mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nimelala sakafuni naogopa kuinuka nisimwamshe.

Wawili walikufa, mmoja alikwenda na paka, sita wakakua. Wote walikuwa wapole, lakini yule wa kijivu alipita kiasi. Mtu yeyote akiketi uwani, awe mgeni, awe muuza samaki, yeye huyo anapanda mapajani. Watu walicheka, wakanisifu. Mimi nikaanza kukosa raha, kwa sababu kuku asiyemkimbia mtu hamkimbii mwizi pia, na mafunzo yale nilimpa mwenyewe.

Nyumba ya pili na yetu, tunatenganishwa na ua wa makuti tu, alikuwa akikaa mzee mmoja na mkewe. Walikuwa watu wa salamu na sahani ya futari. Mzee alifariki wakati tembe wangu wanakaribia kutaga, na mkewe akaingia eda. Miezi minne na siku kumi hatoki ila kwa dharura, hajipambi, na mwanamme asiye maharimu yake, yaani anayeweza kumuoa, hapiti mlango ule. Hawakujaaliwa mtoto. Asubuhi mpwa wake wa kike alimletea maji na samaki, jioni wanawake wa mtaa walikwenda kumtazama. Mchana kutwa alikuwa peke yake.

Haukupita muda kuku wa kijivu akaanza kupotea kila siku baada ya adhuhuri. Kwenye saa tisa anarudi, kifua kimejaa, machicha yangu hayataki. Nikajua hapa pana mtu anamzoesha. Ndivyo kuku anavyoibwa kwa ustadi: unamlisha leo, unamlisha kesho, siku ya tatu anaingia mwenyewe kwenye kikapu chako. Nikaanza kukaa kwenye kigoda karibu na ua, tasbihi mkononi, nikijifanya naleta uradi, kumbe nimetega masikio. Badala ya kumsikia mwizi wa kuku nikamsikia mjane.

"Umekuja?" alisema ndani ya nyumba, kwa sauti ya chini. "Mie nkajua leo hunitaki tena. Haya pita, pita ukae hapa."

Kisha akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyefurahi. Tasbihi ikasimama mkononi. Kesho yake nikasikia tena: "Kula, kula bwana, hapana ntu akuonae." Mwanamke ndani ya eda, mume hata miezi mitatu hajatimiza kaburini, na mchana kweupe anamlisha bwana!

Nilimweleza mke wangu. Hakuacha kukuna nazi.

"Muache mwanamke wa watu," alisema.

"Nimesikia kwa masikio yangu."

"Na mie nakwambia muache. Keshafiwa, yamtosha."

Jibu lake fupi lile likanifanya nimshuku na yeye, kwamba analijua jambo na analificha. Wanawake husitiriana. Kesho yake asubuhi nikajipitisha nyuma ya nyumba ya mjane, nikauchunguza mchanga mbele ya mlango wa uwani kama nilivyokuwa nikichunguza magunia. Palikuwa na nyayo za yule mpwa, ndogo, na nyayo za kuku zimetapakaa kote. Nyayo za mwanamme hakuna. Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo. Mimi nilisema huyu bwana ni mjanja, anafuta nyayo zake.

Niliogopa, sitadanganya. Nilijua neno kama lile likitoka halirudi, na mjane asiye na mtoto hana wa kumtetea. Lakini nilijiona mimi ndiye mlinzi wa heshima ya marehemu jirani yangu. Baada ya swala ya alasiri nikamwita pembeni mdogo wake marehemu, nikamnong'oneza. Uso ulimbadilika. Aliniuliza nina hakika, nikamwambia sijapata kukosea katika ukaguzi.

Alikuja siku ya pili baada ya adhuhuri pamoja na mkewe, kwa sababu hata yeye si maharimu wa shemeji yake. Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu. Nilimsikia mjane akisema, "Leo umeninyea, hwoni haya?" na nikafurahi, Mungu anisamehe, nikafurahi kwamba wamefika kwa wakati. Sikuyapima hata maneno yenyewe. Mke wa shemeji alipiga hodi moja, hakungoja karibu, akavuta pazia akaingia.

Kisha yule mwanamke akaangua kicheko kilichosikika mpaka barabarani.

"Ni kuku! Jamani, ni kuku! Kampakata!"

Mumewe, aliyesimama nje, akaangalia upande wa ua wangu. Alikuwa anacheka na amekasirika, vyote pamoja.

"Mzee!" aliniita kwa nguvu. "Njoo umchukue bwana wako!"

Sikuwa na haja ya kwenda. Kuku wa kijivu alitoka mwenyewe kwa ile kelele, akapenya chini ya makuti, akaja moja kwa moja akanipandia mguuni, na punje za wali zimemganda mdomoni. Watu walikwisha kukusanyika. Kama palikuwa na mtu asiyejua nani aliyepeleka maneno, alijua pale pale.

Siku ile hapakuwa na mtu wa kunionea haya. Barazani walimpa kuku wangu jina, wakamwita Bwana wa Eda. Wakinikuta njiani wananiuliza shemeji hajambo. Mimi niliyastahili. Lakini mzaha ule haukuwa wangu peke yangu, ulimpitia na yeye kule ndani, na yeye hakuwa hata na ruhusa ya kutoka akawajibu. Wanawake waliokwenda kumtazama jioni walikwenda na vicheko vyao midomoni. Mke wangu hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu akaniambia twende nikaombe radhi.

Nilisimama nje, mke wangu akaingia. Nikatoa salamu, nikaeleza kosa langu mbele ya pazia. Nilitegemea anitukane.

"Mzee, mie kila anayekuja humu anakuja kusema nami," alisema. "Subiri, kaza moyo, Mungu ndiye mpaji. Nawasikiliza. Na marehemu tukizungumza mchana kutwa, sina nlilozoea kama kuzungumza. Yule kuku kaingia siku moja kapanda mapajani, kanitazama kwa jicho hili na hili. Nkamsemesha."

"Nisamehe, Bi mkubwa."

"Nishakusamehe. Muweke kuku wako asije tena."

Nilimwambia ningempa kuku yule, awe wake kabisa, na mayai yake. Alisema hapana, ahsante. Nilirudi nyumbani nikiujaribu msamaha ule pande zote, kama una kitu chini yake, na ilinichukua muda kukiri kwamba haukuwa na kitu. Alinisamehe kweli. Hilo lilinikalia vibaya kuliko kama angenitukana.

Nikamfungia kuku bandani mchana. Alizunguka zunguka kwenye wavu, saa yake ikifika alilia mpaka nikaingia ndani nisimsikie. Upande wa pili wa ua palikuwa kimya kabisa. Wakati mwingine nilisikia sufuria, au ndoo ikiwekwa chini, lakini sauti ya mtu hakuna.

Eda ikaisha. Asubuhi ile mjane alitoka, buibui jipya, akiongozana na mpwa wake kwenda kuwaamkia watu nyumba kwa nyumba kama ilivyo desturi. Watu walikuwa barazani, na mimi nilikuwa mlangoni kwangu najiandaa kumpokea. Sijui mlango wa banda niliufungaje. Kuku wa kijivu alinipita miguuni mbio, mbawa wazi, akamwendea barabarani mbele ya watu wote.

Barazani mtu mmoja alianza kucheka kabla hata kuku hajamfikia.

Mjane alisimama. Nilimwona akiwatazama wale, kisha akamtazama kuku, kisha akanyanyua mkono wake juu.

"Ish!" alisema kwa sauti kubwa, wote wasikie. "Ish! Toka! Sikujui!"

Kuku yule hakuwahi kufukuzwa na mtu tangu siku ile alipopanda kiganjani kwangu, na hakujua mkono kama ule maana yake nini. Hakukimbia. Alijilaza palepale mchangani, chini ya mkono ulionyanyuliwa, mbawa amezilegeza, akingoja abebwe. Mkono wa mjane ulibaki juu kwa muda. Halafu akaushusha, akampita kando, akaja mlangoni kwetu akatuamkia vizuri, akatuombea kheri, akaenda nyumba ya pili.

Nilikwenda kumbeba kuku wangu. Sasa hatufungi tena banda mchana, kwa sababu haendi popote, na ule ua tumeubadilisha makuti mapya. Mimi bado nakaa pale na kigoda changu baada ya adhuhuri. Mwaka sasa unapita, na sijamsikia jirani yangu akisema neno ndani ya nyumba yake.