Nilimwambia Aangalie Waya Zake

Nimekosa, na kosa hili ni langu peke yangu. Naanza hapo ili usije ukanihurumia kabla hujasikia yote.

Mimi ni mwanamke wa Lodwar, huku Turkana. Mwaka 2012 nilikuwa nafanya kazi kwenye saiba moja hapa mjini: kuchapa barua, kutoa kopi, kuwafungulia watu barua pepe zao. Wateja wakipungua najifunza elektroniki kwenye mtandao. Nilianza na kataa kamoja kadogo ka umeme, kuwaka na kuzima. Siku kalipowaka mara ya kwanza nilipiga kelele hadi mteja akadhani nimeumwa na nge!

Katika mambo haya rafiki yangu alikuwa mmoja tu, Malual. Mkimbizi kutoka Sudan Kusini, anaishi kambini Kakuma na mama yake, fundi wa redio na simu. Kanisa lao lilikuwa limempa chumba kidogo cha mabati afanyie kazi. Tulijuana alipopata kibali cha kutoka kambini akaja Lodwar kutafuta spika, na tangu hapo tukawa tunapigiana simu kila wiki. Mkono wake, jamani! Waya aliyoiunganisha Malual ungedhani imetoka kiwandani.

Basi, kina mama wa kanisa lile wakataka mashine ya kuangulia vifaranga. Mwenyekiti wao, Mama Achol, alimwendea Malual, naye Malual akaniingiza mimi. Tukagawana. Yeye atengeneze sanduku, taa za kutia joto, feni na waya. Mimi nitafute chipu, ule ubongo mdogo unaosoma joto na kuamua taa ziwake au zizime, kisha niiandikie programu.

Malual aliniambia wazi, "Dada, chukua ile bodi ya kujifunzia. Hata moja tu. Ukikosea unafuta, unaandika tena."

Nikamcheka. "Hiyo ni ya watoto wa shule! Mimi nimepata chipu Nairobi, bei ya kutupa. Kwa pesa ya bodi moja napata chipu kumi na kifaa cha kuziandikia."

"Na inafutika?"

"Inafutika," nikasema. Hata sikuwa nimesoma!

Mzigo ulikuja kwa basi lililokwama njiani, pale Kainuk, siku mbili. Nilifungua, nikasoma karatasi zake vizuri. Chipu zile huandikwa mara moja tu. Ukishaandika, umeandika. Ukikosea, unatupa.

Hapo ndipo ningempigia Malual niseme, "Nimenunua vibaya." Maneno mawili! Nilishindwa. Nilikuwa nimejisifu mno.

Nikaanza kuandika. Ya kwanza ikakataa kuwaka. Ya pili ikawasha taa ikasahau kuzima. Ya tatu, ya nne... nilikuwa nazitupa kwenye mkebe wa majani chai na kufunika, kama mtu anayeficha uchafu. Ya tisa ikafanya kazi. Niliijaribu asubuhi, chini ya feni ya saiba, kwa saa mbili. Taa ziliwaka, zikazima, zikawaka. Ya kumi nayo nikaiandika vilevile, iwe akiba. Sikuijaribu kwenye joto la mchana. Fikiria, mtu wa Turkana asahau jua!

Nikamtumia Malual zote mbili kwa gari la mboga. Akafunga moja. Kina mama wakapanga mayai, wakaomba, wakaimba. Malual alinipigia nisikie wimbo.

Siku ya nne simu ikalia saa nane mchana.

"Dada, mayai yameharibika yote. Saa saba nimekuta taa zote zinawaka, na ndani kuna moto kama jiko! Kwa nini ziwake na kuna joto hivi?"

Nyuma yake nilimsikia Mama Achol, "Imeiva! Mayai yote imeiva!"

Sikufikiri hata kidogo. Nilisema, "Angalia waya zako."

Ndugu yangu unayesoma, nilisema hivyo kabla sijajua chochote. Ulimi ulitangulia.

Jioni ileile nilichukua kalamu nikapitia programu yangu mstari kwa mstari. Haikuchukua muda. Kipima joto huipa chipu namba, na joto likipanda namba inapanda. Mimi nilikuwa nimeiweka namba ile mahali pasipoweza kubeba zaidi ya mia mbili hamsini na tano. Ikizidi hapo inarudi sifuri na kuanza upya. Kwa hiyo jua la Kakuma lilipochoma mabati, chipu ilisoma sifuri. Ikaona kuna baridi kali, ikawasha taa zote!

Ni mstari mmoja tu. Kwa bodi aliyoniambia Malual ningeurekebisha palepale. Lakini chipu zangu mbili zilizobaki zilikuwa zimeandikwa kosa lilelile, na hazifutiki.

Sikumpigia.

Yeye ndiye aliyepiga, kesho yake na kesho kutwa. "Nimekata waya yote, nimefunga mpya." "Nimebadilisha swichi." "Nimeweka ile chipu ingine, ni vilevile, kwa hivyo kosa ni yangu mimi." Halafu akaniomba, "Nitumie programu nisome, labda nitaelewa."

Nikamwambia kompyuta ya saiba imeharibika, programu imepotea. Nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta hiyohiyo, programu imefunguka!

Usiku ule akanitumia ujumbe. Nimeuhifadhi mpaka leo. "Dada nimefungua zote tena. Sioni kosa. Wewe umesoma, nifundishe."

Niliona jinsi nilivyojifunga. Nikisema kosa ni la programu, ataniuliza kwa nini nisirekebishe. Nikisema haifutiki, ataniuliza nilijua lini. Kila mlango niliougusa ulikuwa na uongo wangu mwingine umesimama kwa nje. Na yeye hakuweza kuja Lodwar kuniangalia usoni, kwani safari hii wakuu wa kambi walimnyima kibali. Nakiri mbele yenu, nilifurahi walipomnyima.

Niliagiza chipu nyingine kimyakimya. Nilipanga kumwambia tu, "Jaribu hii, ni mpya," mambo yaishe. Zilikuwa bado njiani Malual aliponiambia kina mama wamekusanya mayai mara ya pili. Safari hii hawakununua. Kila mmoja alitoa ya kuku wake mwenyewe, wengine kuku wenyewe ni wawili.

"Wewe unaonaje, dada? Waya zote ni mpya. Niweke?"

Ningesema subiri. Neno moja! Lakini angeuliza subiri nini.

Nikasema, "Weka. Ila sanduku likae kivulini."

Kivuli gani Kakuma mwezi wa pili! Siku tatu hazikuisha. Mayai yakaiva tena, na chipu mpya zikafika siku mbili baadaye.

Mama Achol alimwambia Malual mbele ya watu wakitoka kanisani, "Mkono yako imetuharibia mara mbili. Lete kifunguo." Malual alitoa ufunguo wa chumba palepale. Hayo nilisimuliwa na katekista wa kanisa lao aliyekuja saibani kwangu kutoa kopi. Akaongeza, "Siku hizi yule fundi hashiki hata tochi. Ameuza chuma cha solda, kile cha kuunganishia waya. Anapanga foleni ya chakula kama sisi wote, anarudi analala."

Nilikaa na maneno hayo hadi mwezi wa sita. Chipu mpya ziko kwenye droo, sizitazami. Siku moja nikafunga saiba, nikapanda gari la Kakuma.

Nilimkuta amekaa nje ya nyumba yao, amekonda. Alisimama kwa furaha, akanisalimu kwa Kiturkana. "Ejok, dada!" Alifikiri nimekuja kumsalimu.

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Chipu, karatasi, mkebe wa majani chai, namba inayorudi sifuri, programu ambayo haikupotea.

Nilipomaliza aliuliza, "Kwa hivyo waya zangu zilikuwa sawa?"

"Zilikuwa sawa tangu siku ya kwanza."

"Zote?"

"Zote, Malual."

Alifunika uso. Mwanamume yule alilia, na mimi sikujua niweke wapi mikono yangu. Kisha akaingia ndani akamtoa mama yake, mzee asiyejua Kiswahili, akamkalisha kwenye kiti. Akaniambia, "Sema tena. Mimi nitamwambia kwa lugha yetu."

Nikasema tena, yeye akatafsiri, sentensi kwa sentensi. Halafu tukaenda kwa Mama Achol, nikasema mara ya tatu. Mama Achol hakunifokea. Alimgeukia Malual akamshika mikono yote miwili. Mimi hakuna aliyeniambia kaa wala nenda.

Walitaka kumrudishia ufunguo. Nasikia hakuuchukua.

Wewe unayependa kazi hii ya chipu na waya, nunua ile unayoweza kufuta, hata ikikuuma mfuko. Ijaribu kwenye jua lako, usiijaribu chini ya feni. Lakini zaidi ya hayo, nakuomba! Kama kuna mtu anayefungua na kufunga kazi iliyo sawa kwa sababu wewe ulimwambia ina kosa, mpigie leo. Leo hii, akiwa bado anashika simu yako. Mimi nampigia Malual kila Jumapili. Inaita mpaka inakatika.