Ekzosi Niliyoikata kwa Mkono Wangu

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, upepo wa Mlima Hanang unavuma na vumbi limejaa hewani, nilipokuwa nimelala chali chini ya pikipiki na msumeno wa chuma mkononi, nakata kitu nisichokielewa.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa fundi wa kuchomelea hapa hapa Gendabi, kwenye karakana ya Fundi Akonaay, mzee aliyenifundisha kazi. Leo nina wajukuu, na karakana ninayo ya kwangu. Nakusimulia haya kwa sababu nimesikia unatafuta mtu wa kukukatia ekzosi ya pikipiki yako mpya. Nimesikia pia umenikwepa, ukaenda kuuliza kwa mafundi wengine, kwa kuwa ulijua nitakataa. Ulijua vizuri. Nakataa. Lakini sipendi ukataliwe bila kuambiwa sababu, kwa hiyo kaa, unisikilize mpaka mwisho.

Pikipiki yangu ilikuwa ya spoti, nyekundu, imeinama mbele kama mtu anayetaka kutimua mbio. Haikuwa ya njia zetu za vumbi, nakubali. Mhandisi mmoja mgeni, aliyekuwa anatengeneza mashine za kuvunia ngano kule upande wa Basotu, alimaliza kazi yake akarudi kwao, na pikipiki akamwachia Fundi Akonaay. Fundi akanipa mimi, akisema mgongo wake umeshachoka mambo ya kuinama hivyo. Kabla ya kuondoka, yule mhandisi alinionyesha kitu. Ndani ya bomba la moshi kulikuwa na kipande chenye vitundu vidogo vidogo, kama sega la nyuki. Alinieleza kwamba moshi wa injini unapita humo, na humo ndimo sumu yake inapopunguzwa. Mbele yake kuna sailensa, inayotuliza mlio. Kile kipande sisi mafundi tunakiita sega mpaka leo. Nilimwitikia kwa heshima, ndiyo bwana, ndiyo bwana, na alipoondoka tu nikaanza kupanga namna ya kulitoa.

Sababu yangu? Ni hiyo hiyo yako. Wenzangu walisema sega linaibana injini. Lakini nikikuambia kwamba nilitaka nguvu tu, nitakuwa nakudanganya. Nilitaka mlio. Nilitaka nikitoka Gendabi, watu wa Basotu wageuze shingo kabla hawajaona vumbi langu.

Fundi Akonaay aliniona naipimapima ekzosi, akaja kusimama juu yangu.

"Tluway," aliniita, "waliotengeneza hii walikuwa na akili zao. Ukitoa hicho, unaweka nini mahali pake?"

"Fundi, kuchomelea najua."

"Kuchomelea unajua, nimekufundisha mwenyewe. Nimekuuliza jambo lingine."

 Nilisubiri aende kwenye msiba Mbulu, nikaikata. Sega nikampa mnunuzi wa vyuma chakavu aliyekuwa anapita, sailensa nikaitupa nyuma ya karakana. Nikachomelea kipande kifupi cha bomba, kimeishia chini ya tumbo la pikipiki, mdomo umeelekea ardhini. Basi ikawa inanguruma, mwanangu! Na nikiachia mafuta ghafla, ilikuwa inapasuka, pa, pa, pa, na ulimi mdogo wa moto unatoka bombani. Ni mafuta yasiyoungua ndani ya injini, yanakuja kuungulia nje. Nilijua hivyo, na bado niliona raha. Machozi yalikuwa yananitoka kila nilipoiwasha ndani ya karakana, na kichwa kinagonga. Nikasema ni jua.

Ikafika siku ya mnada wa ng'ombe. Nilienda na rafiki yangu Paskali, nimempakia nyuma, na kule kila mtu alitutazama, wengine kwa kupenda, wengine kwa kuziba masikio. Ng'ombe wa watu walikata kamba. Mzee mmoja alinyoosha fimbo akatuambia tuondoke, nasi tukaondoka tunacheka.

Njiani tulipita kando ya malisho ya Mzee Gidamunda. Huyu alikuwa mfugaji wa siku nyingi, jirani yetu ng'ambo ya korongo. Kila mwaka alikuwa anatenga eneo la nyasi asiloruhusu mnyama kuligusa tangu mvua zinapoisha, ili mifugo yake iwe na chakula miezi ile mibaya ya mwisho wa kiangazi. Nyasi zilikuwa zimefika kiunoni, zimekauka, rangi yake kama ngano iliyoiva.

Paskali akasema, "Hebu simama hapa, uivute mpaka mwisho. Nataka nione moto wake."

Nikasimama kwenye njia ya ng'ombe, nyasi zikiwa miguuni pangu. Nikavuta mafuta mpaka mwisho, nikaachia. Pa! Nikarudia. Mara ya tatu Paskali akapiga kelele. Nilipotazama chini niliona moto umeshashika, si mkubwa, kama wa kuchemshia chai ya mtu mmoja. Tulivua mashati tukaupiga. Upepo ukaja, ukauchukua, ukaupeleka mbele yetu kwa kasi ambayo mtu hawezi kuifuata kwa miguu.

"Panda twende," Paskali akasema. "Hakuna aliyetuona."

Nikapanda. Nilikuwa na miguu miwili na mdomo wa kuitia watu, na nikapanda. Hilo ndilo ninalolionea aibu kuliko moto wenyewe.

Jioni habari zilifika karakanani. Malisho yote ya Mzee Gidamunda yameungua. Moto ulifika mpaka kwenye zizi la ndama, na mke wa mwanawe, Udahema, aliingia kuwafungulia ndama akatoka miguu imeungua. Wamempeleka hospitali Haydom. Halafu yakafuata maneno mengine: aliyewasha moto amejulikana, ni Baha, mrina asali. Asubuhi ile watu walimwona amebeba kijinga cha moto kuelekea korongoni.

Baha alikuwa mtu mpole, mkulima mwenzetu. Mimi nilijua kwamba moto ule haukutoka kwenye kijinga chake. Nilijua, nikala ugali, nikanyamaza.

Baada ya siku mbili wazee wakaitana nje ya ofisi ya kijiji, wa wafugaji upande mmoja, wa wakulima upande mwingine. Vijana wa pande zote walikuja na fimbo. Ulikuwa ni ule ukimya ambao mtu mmoja akikohoa vibaya, damu inamwagika. Baha alisimama katikati akiwa ameshika kofia yake. Alisema, "Sikuwasha mimi." Akaulizwa, "Nani basi?" Akasema hajui. Akaulizwa tena, akasema tena hajui, na sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. Mke wake alikuwa amekaa chini na mtoto mgongoni, anatazama fimbo za wale vijana, moja baada ya nyingine.

Paskali alinibana mkono. "Nyamaza," aliniambia kwa kunong'ona. "Yataisha."

Sijui nguvu ilitoka wapi. Nilitembea mpaka katikati nikasimama karibu na Baha.

"Shikamooni wazee," nilisema. "Moto ni wangu. Niliikata ekzosi ya pikipiki yangu, ikatema moto kwenye nyasi. Nikakimbia. Baha hana kosa."

Kelele zilizuka, mwanangu, na kuna fimbo moja ilinipata begani, alama yake ninayo. Mzee Gidamunda ndiye aliyeinua mkono wakatulia. Alikuja mpaka karibu yangu, mrefu, mwembamba, shuka lake bado linanuka moshi. Nilipiga magoti.

"Simama," aliniambia. "Ukipiga magoti nitakuona vipi usoni?"

Nikasimama.

"Unaniomba nini?"

"Msamaha, mzee."

"Mimi naweza kukusamehe leo hii, nikaenda nyumbani. Ng'ombe wangu je? Watakula nini mpaka mvua inyeshe?"

Nilimtazama, na maneno yakanitoka kabla sijayapima. "Nitawalisha mimi."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alisema, "Kuanzia kesho," akageuka akaenda kumshika Baha mkono mbele ya watu wote.

Siku iliyofuata niliamka kabla ya jua, nikaomba kwa mjomba punda na mkokoteni. Kule kwenye mashamba makubwa ya ngano mavuno yalikuwa yamekwisha, mabua yamebaki shambani. Nilimwomba msimamizi ruhusa, akanipa. Nikakusanya, nikafunga, nikapakia, nikasukuma pale punda aliposhindwa. Kila siku. Viganja vilipasuka, vikapona, vikapasuka tena. Kuna siku nilijiambia leo sitaenda, nikakuta nimeshashika kamba za punda. Fundi Akonaay hakunilaumu kwa neno lolote. Alinipa ruhusa ya kuja kazini mchana, na siku mbili tatu nilimkuta shambani amenitangulia, anafunga mabua na mikono yake ya kizee. Baha naye alikuja. Alifunga mabua pamoja nami kutwa nzima, na hakuniambia kwa nini.

Mara moja nilipanda basi kwenda Haydom kumwona Udahema. Alikuwa kitandani, miguu imefungwa bandeji mpaka magotini. Nilimwambia mimi ni nani. Akauliza, bila ukali wowote, "Ile sauti ya pikipiki yako, ulitaka nani hasa aisikie?"

Nilitafuta jibu, mwanangu. Nilitafuta mtu hata mmoja ambaye maisha yake yangekuwa bora kwa kuisikia. Sikumpata. Nikamwambia, "Sijui, dada." Akasema, "Haya, nenda. Ng'ombe wanakusubiri."

Mvua ilichelewa, lakini ilikuja. Ng'ombe wawili wakongwe walikufa kabla ya nyasi kuota, na nililia kwa ajili yao kama watu. Wengine wote walipona. Udahema alirudi akitembea kwa mkongojo, baadaye akauacha, ingawa mguu mmoja haukurudi kama zamani. Pikipiki niliifungia sailensa nyingine. Sega sikulipata tena. Nilimtafuta yule mnunuzi wa vyuma mnada hadi mnada, na nilipomwona aliniambia limeshasafirishwa mbali. Injini ile haikukaa sawa tena, nikaishia kuibomoa. Paskali alihama, tukawa tunasalimiana tu. Mzee Gidamunda aliniambia siku ya mwisho niliyoshusha mabua, "Sasa nimekusamehe." Ndipo nikajua kwamba alikuwa ananisubiri muda wote ule, aone kama nitachoka.

Basi mwanangu, shauri langu ni hili, na nalisema wazi. Usiikate ekzosi hiyo. Sega lililomo ndani limewekwa kwa ajili ya mapafu ya watu usiowajua, na sailensa imewekwa kwa ajili ya masikio na mifugo yao. Barabara si yako peke yako, hata siku ambayo huoni mtu. Akitokea fundi wa kukukatia kwa haraka, kumbuka kwamba yeye atabaki karakanani kwake, wewe ndiye utakayepita kwenye nyasi. Ukitaka mbio, ihudumie injini yako, badilisha oili kwa wakati, safisha plagi. Njoo kwangu nikuonyeshe, nitafurahi. Na ikitokea siku umekosea, maana sote tunakosea, usimwache mwenzako asimame katikati ya watu akijibia kosa lako. Sema mapema, ukiwa bado unatetemeka. Kisha shika kazi ya kurekebisha, usiiachie njiani, hata wakikucheka.

Mungu akulinde katika kila safari. Akupe mikono isiyochoka na moyo usiokimbia. Akujalie uwe mtu ambaye mama mwenye mtoto mgonjwa, akikuona unakuja barabarani, atanyoosha mkono akusimamishe, akukabidhi mwanawe umkimbize hospitali, bila kusita hata kidogo.

Nenda salama, mwanangu.