Akina Baluku wa Hajati Hanifah

Hajati Hanifah amekuwa akinunua kahawa mjini Bwera tangu usichana wake, na hana subira na mashine wala na mtu. Asubuhi hiyo fundi Shafic, aliyetoka Kampala, alimaliza kumwekea dukani kompyuta mpya yenye programu mpya ya kuorodhesha wakulima na kahawa yao. Hanifah alipoifungua, nusu ya wakulima wake hawakuwamo. Akina Baluku wote walikuwa wamegeuka mtu mmoja, mwenye kahawa ya mlima mzima.

"Programu hii haikubali jina lile lile mara mbili," Shafic alieleza. "Inaunganisha. Ile ya zamani ilikuwa inakubali tu."

"Kwa sababu ilijua watu! Huku Wakonzo kijana wao wa pili wanamwita Baluku. Rudisha ya zamani."

"Hajati, ya zamani haifanyi kazi kwenye kompyuta hii. Wabadilishie majina."

Hanifah alimshika mkono akamtoa nje, ambako wakulima wa Kyarumba walikuwa wanatua magunia.

"Ita Baluku."

Shafic aliita. Karibu kila mwanamume aligeuka.

"Haya, chagua mmoja abaki," Hanifah alisema. "Hao wengine, waambie wewe mwenyewe kwamba hawapo."