Mama Isaro na Wasichana wa Ubelgiji

Huku West Side ya Buffalo, Amerika, kila mtu anamwita Mama Isaro, na huyo Isaro mwenyewe hakuna aliyewahi kumuona. Jina lake hasa ni Mukandoli. Anakaa juu yangu, katika nyumba ya mbao inayolia hata ukikohoa, na kazi yake ni kuogesha wazee wa kizungu. Anaogesha mama za watu kutwa nzima, anarudi, anachemsha maziwa, anakunywa peke yake. Mimi Nabintu, huku chini, namsikia akivuta kiti. Ni kiti kimoja, siku zote.

Wala msidhani namcheka. Mwanangu Aganze alihamia Louisville kwa kazi ya ghala, na nikimpigia simu ananijibu Kiingereza, eti Kiswahili kinamponyoka. Kinamponyokaje, na titi alinyonya kwa Kiswahili? Lakini mimi, bon, angalau uso wa mtoto wangu naujua.

Isaro alikuwa na miaka minne vita ilipowatawanya pale Uvira, kwetu Kongo. Alikuwa mgongoni kwa shangazi yake Nyiramahirwe, na mama alikuwa nyuma na mizigo. Risasi zikalia, kila mtu akashika njia yake. Shangazi akatokea Burundi, baadaye Ubelgiji. Mama akatokea kambini Uganda, akawalilia wote wawili kama wafu, halafu akaletwa Buffalo. Ni juzi juzi tu walipopatana kwa simu. Shangazi alilia hata akashindwa kuongea, akampa mtoto simu. Mtoto akasema, "Bonjour, madame."

Madame! Mama Isaro hakupiga tena. Nilimgombeza mpaka koo ikakauka. "Omba hata picha, mama!" Akanijibu, "Mama Aganze, nitaiomba kama nani?" Watu wa milimani, wafugaji wa juu ya Uvira, ndivyo walivyo, wanakufa na kiburi chao kifuani.

Basi, Ijumaa moja mchana, binamu yake Gakwaya akapiga simu toka Columbus. Isaro amechaguliwa timu ya taifa ya wanawake ya Ubelgiji! Leo wanapambana na Hungaria, mashindano ya Ulaya, washeni televisheni! Mama Isaro akashuka ngazi na ndala moja mguuni. "Mama Aganze, nitamuona?"

Kwetu furaha haingoji mwaliko. Niliambia watu wawili, nyumba yake kule juu ikajaa: Yoeli shemasi, Nshuti na mke wake, Précieux wa kwaya anayejua kutafuta mechi kwenye televisheni. Wengine walikuja na nguo za kiwanda mwilini. Mama Isaro akawapa wote chai ya maziwa, akakaa kwenye kiti chake, magoti karibu yaguse kioo.

Hapo tukafanya kosa la watu wa kwetu. Tukatafuta "Isaro" mgongoni mwa jezi. Kwa watu wa milimani kila mtoto ana jina lake peke yake, hata la baba halifuati. Wazungu, wao, wanaandika jina la ukoo, na karatasi za Ubelgiji zilijazwa na mume wa shangazi, ambaye jina lake hakuna aliyelijua. Tukampigia Gakwaya, wapi! Alikuwa ameshaingia kazini, simu imefungiwa kabatini. Na wasichana weusi uwanjani walikuwa watatu.

Mara namba tisa akafunga goli. Mrefu, misuko inaruka. Mimi ndiye niliyepiga kelele kwanza: "Ni yule! Angalieni miguu, miguu ya kupanda mlima ile!" Vigelegele! Yoeli akaanza kushukuru Mungu kwa sauti. Mama Isaro akauliza tu, "Mnajuaje?"

"Damu inajisema, mama!"

Namba tisa akafunga tena dakika za mwisho, ikabaki kidogo tuchinje ng'ombe. Mama Isaro akaenda jikoni kuweka sufuria nyingine ya maziwa kwenye moto mdogo.

Ubelgiji wakashinda mbili kwa moja. Wasichana wakaenda ukingoni wanapongoja wazazi. Namba tisa akamrukia mama mmoja mnene, amejifunga bendera, sura ileile, meno yaleyale. Baba yake naye akaja. Yoeli akakohoa. Nshuti akakumbuka kazi. Mmoja mmoja wakaaga: tutaonana kanisani, Mama Isaro. Kule kwenye ngazi nikasikia mke wa Nshuti akisema labda Gakwaya aliota. Ningemfuata nimnase kofi, lakini nani angebaki na huyu?

"Nizime?" nikauliza.

"Acha kidogo."

Kamera ikapita kwa wale ambao hawakuingia uwanjani kabisa. Mmoja mfupi, nywele amekata, akaenda kwa mama mzee aliyefunga kitenge begani. Wenzake walikuwa wanarukiana na kupigana migongo. Huyu akainama. Shavu kulia, akatulia. Shavu kushoto, akatulia. Halafu akarudi nyuma bila kuachia, ameshika mikono ya yule mzee kwenye viwiko, wanaangaliana, midomo inasalimia. Watu wa milimani wanasalimiana hivyo, mpaka chakula kinaungua. Nimewatania kwa hilo miaka yote.

Mama Isaro akasimama. "Nyiramahirwe amezeeka," akasema. Halafu akasema, "Ni huyo. Ni Isaro."

Kamera ilikuwa imeshahamia kwa kocha.

Aliyelia ni mimi. Yeye alicheka kidogo: "Hata hawakumwingiza, mtoto wangu." Akakausha kioo cha televisheni kwa kiganja, na hakikuwa na maji. "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Amemfundisha kusalimia."

"Mpigie, basi! Leo hii!"

"Nitapiga." Lakini simu hakuitazama. "Mama Aganze, simama."

Nikasimama, akanikumbatia. Mimi ni Mshi, kabila lingine, nikampigapiga mgongoni haraka haraka, nikataka kumwachia.

"Polepole," akasema. "Kulia kwanza. Sasa kushoto. Mikono usiiachie."

Huyu mama hajawahi kumwaga hata tone la maziwa. Kwao ni mkosi. Tuliyasikia yakifurika jikoni, na hakuna aliyekwenda.